Nyota za Tata kwenye Kalenda ya Parokia

Pakiti ya kwanza niliinunua mjini Bukoba, kwenye duka la madaftari karibu na soko, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa darasa la pili. Zilikuwa nyota ndogo za kubandika, za rangi ya dhahabu, zinazomeremeta ukizigeuzageuza kwenye mwanga. Nilikuwa nafundisha Kahororo, na darasa langu lilikuwa na tatizo moja: hakuna aliyetaka herufi zake zikae juu ya mstari. Zilipanda, zilishuka, nyingine zilitoka kabisa nje ya ukurasa. Nikasema atakayeandika vizuri atapata nyota.

Ndani ya wiki moja nilikuwa na darasa la makarani. Msichana mmoja aliomba nyota yake nisiiweke kwenye daftari bali kwenye paji la uso. Nikakubali, naye akaja nayo palepale siku tatu mfululizo, mpaka mama yake akanipigia simu kuomba nimwambie mtoto kwamba mwalimu anaruhusu kunawa uso. Mimi mwenyewe, siku moja nikiwa peke yangu ofisini, nilibandika moja kwenye andalio langu la somo, kwa sababu lilikuwa andalio zuri kweli. Mwalimu wa taaluma aliiona, akaniuliza ni mkaguzi gani aliyepita. Nikasema sijui.

Nyota nyingine ilinasa begani kwenye blauzi yangu bila mimi kujua, nikatembea nayo mpaka Bilele ninakopanga. Mwenye nyumba wangu ni bibi wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani na hakurudi tena. Alikuwa barazani anachambua mchele. Alinitazama bega, akaweka ungo chini.

"Mwalimu, hongera."

"Ya nini, Bibi?"

"Si wamekupandisha cheo. Kuanzia leo nikuite Mwalimu au nikuite Afande?"

Niliibandua pale pale, lakini jina la Afande lilidumu mpaka mwisho wa mwezi.

Siku hizo hizo mama alinipigia simu kutoka nyumbani, Muleba.

"Baba yako hamezi," alisema.

"Hamezi nini? Chakula?"

"Chakula anameza vizuri sana. Hamezi dawa."

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa amegundulika ana presha. Hospitali walimpa vidonge, wakamwambia ni kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Hilo la maisha yote ndilo lililomkera. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa miaka yote hiyo ni yeye aliyekuwa akiwapangia watu ratiba. Alimeza siku kichwa kilipouma. Kichwa kisipouma, alisema, kwa nini amwamshe aliyelala?

Jumamosi nilipanda gari nikaenda. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, mgongo umenyooka, anasoma gazeti la juma lililopita akiwa na kalamu mkononi. Tata husahihisha magazeti. Nilipokuwa bweni nilimwandikia barua ndefu ya kumwambia nimekumbuka nyumbani, akanirudishia barua ile ile ikiwa na wino mwekundu, na chini ameandika: "Nimeipata. Angalia matumizi ya koma." Hakuwa mkali wa fimbo. Aliamini tu kwamba mtu akisifiwa analegea, na hakutaka kulegeza mtu yeyote.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Umekuja kunisema."

"Nimekuja kuwasalimu."

"Umekuja kunisema. Mama yako jana alikuwa na simu sikioni nusu saa nzima, na alikuwa ananiangalia mimi."

Nilimsema. Nilitumia sauti ninayotumia darasani, nayo ilikuwa kosa, maana ile sauti niliirithi kwake na aliitambua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hoja yangu ya pili ingetangulia ya kwanza. Nikachoka. Nilipofungua mkoba kutafuta leso nikaikuta ile pakiti ya nyota, na kwa hasira na utani mchanganyiko nikasema, "Basi tufanye kama darasa la pili. Kila siku utakayomeza, unapata nyota."

Tata alivua miwani. "Mimi? Nyota?"

"Wewe."

"Nimefundisha watu wazima wenye wajukuu leo. Nibandikiwe nyota?"

Kabla sijajibu, mama alitokea jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Alinyoosha kiganja. "Nipe mimi hizo," akasema, na pakiti ikahamia kwake.

Sebuleni kwetu kuna kalenda ya parokia, yenye picha kubwa ya Bikira Maria na chini yake miezi yote kwenye ukurasa mmoja, kila siku na kisanduku chake. Asubuhi iliyofuata, baada ya chai, mama alimpa Tata kidonge na maji. Akameza. Mama akasema, "Fungua mdomo." Akafungua. "Inua ulimi." Akauinua, akinitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyemleta mama duniani. Mama akabandika nyota kwenye Jumapili, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaenda zake kuvaa nguo za kanisani.

Nilirudi Bukoba nikidhani mchezo ule utadumu siku nne. Siku ya tisa simu ikalia wakati nikisahihisha madaftari. Alikuwa Tata, ambaye kwa kawaida hapigi, hupigiwa.

"Mama yako amebandua nyota yangu ya Alhamisi."

"Kwa nini, Tata?"

"Muulize mwenyewe."

Nilimuuliza. Mama alisema alikuwa anafua koti, akakuta kidonge mfukoni, kimeshikana na punje za kahawa ya kutafuna. Alikwangua nyota kwa kisu cha kumenyea ndizi, na sasa kisanduku cha Alhamisi kilikuwa na tundu. Simu ikarudi kwa Tata.

"Kilianguka mfukoni," alisema.

"Kilianguka kutoka mdomoni?"

"Nataka ijulikane tu," alisema, "kwamba siku nyingine zote ni halali."

Hapo ndipo nilipojua kwamba zimemwingia. Tangu siku hiyo hakuficha tena kidonge. Mama alisema ikifika saa mbili asubuhi na yeye hajamaliza kukamua ng'ombe, Tata hukaa mezani na glasi ya maji mbele yake, anagonga meza kwa kidole, anauliza kama shughuli za nyumba hii zina utaratibu.

Kilichomsumbua ni wageni. Kwetu mgeni hukaribishwa sebuleni, na sebuleni kitu cha kwanza kukutana na macho ni ile kalenda. Wa kwanza kuuliza alikuwa jirani yetu, mzee mwenzake, ambaye kibanja chake cha migomba na chetu vinatenganishwa na mstari wa miti tu. Wamejuana tangu ujana, na jirani huyu humwamini Tata kwa kila kitu kilichoandikwa. Alisogeza uso kwenye kalenda, akauliza, "Mwalimu, hizi nyota ni za nini?"

Tata angeweza kusema ukweli. Alichosema ni, "Mvua."

"Mvua?"

"Siku zilizonyesha. Naweka kumbukumbu."

Jambo lenyewe halikuwa la ajabu, maana shuleni kwake aliwahi kutega kopo la kupimia mvua na kuandika kila asubuhi. Jirani akatikisa kichwa kwa heshima, akaondoka.

Wa pili alikuwa katekista wa kigango chetu, kijana kiasi, mnyenyekevu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Tata. Yeye hakuuliza. Alisimama mbele ya kalenda, akamtazama Bikira Maria na taji lake la nyota kumi na mbili, akatazama nyota zilizojipanga chini yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni rozari?"

Na Tata, mtu aliyewahi kumrudisha mtoto nyumbani akamlete mzazi kwa sababu ya uongo kuhusu penseli, akasema, "Tunajitahidi."

Mama alikuwepo. Alinisimulia yote mawili kwenye simu, akicheka mpaka akakohoa. Nilimwambia awasahihishe. Akasema yeye ametoa nyota tu. Maelezo si kazi yake.

Mwishoni mwa Septemba nilinunua pakiti ya pili. Bibi wa Bilele aliiona mkononi mwangu, nikamweleza ni za baba. Akaacha kutabasamu.

"Mwalimu, wewe ni mtu uliyesoma. Unamsafishia baba yako nyota?"

Ilibidi nikae chini kumwelewesha kwamba hakuna mganga wala makafara, kwamba ni vidonge vya presha na kalenda ya kanisa. Alisikiliza. Mwisho akasema, "Basi huko nako ni kusafisha nyota, ila nyie mmetumia hospitali," akaniagiza nimpelekee mzee salamu na kilo mbili za mchele wa kupika vizuri.

Nilifika nyumbani Jumamosi na mchele wangu. Jumapili tulisali kigangoni, tukarudi, na hatujamaliza kuvua viatu jirani akabisha hodi. Alisema ana shida ndogo na kalenda. Tukamkaribisha. Mama alikuwa anaweka kisahani cha kahawa ya kutafuna mbele yake alipotokea katekista mlangoni, Biblia kwapani.

"Mwalimu, nimekuja kwa ajili ya zile nyota," katekista alisema.

"Hata mimi," jirani akasema.

Tata aliinama ghafla kushughulikia kamba ya kiatu ambacho alikuwa ameshakivua.

Katekista alisimama mbele ya kalenda. Alieleza kwamba Oktoba, mwezi wa rozari, unaingia, na kigango kinahitaji mtu wa kuongoza sala katika nyumba za waumini kila jioni. Alikuwa amewaza sana, kisha akakumbuka alichokiona hapa. "Septemba nzima," alisema, na sauti ikamtetemeka kidogo, "ukiacha siku moja tu, Mwalimu amesali rozari."

"Rozari gani?" jirani akauliza. "Hiyo ni mvua."

"Mvua?"

"Mwalimu anaandika mvua. Na ndiyo maana nimekuja, maana kuna kitu sikielewi." Aliinuka, akaweka kidole kwenye kalenda. "Jumatano hii. Nilianika kahawa tangu asubuhi mpaka jioni, jua kali, mke wangu shahidi. Na hii. Na hii. Mwalimu, mvua ilinyesha kwako peke yako?"

Wote wawili wakamgeukia Tata. Tata akanigeukia mimi. Nimefundisha watoto wa kutosha kulijua jicho lile: ni jicho la mtoto aliyesimamishwa ubaoni, anayemtafuta rafiki wa kumnong'oneza jibu.

"Mwalimu mwenzangu," aliniambia, na lilikuwa neno ambalo hakuwahi kunipa, "hebu waeleze."

Ningependa kuandika kwamba nilimtetea. Nilisema ngoja nikaangalie maziwa jikoni.

Hakukuwa na maziwa jikoni. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikia mama akisema, kwa sauti ile ile ya kutangaza kwamba chakula kiko tayari: "Ni vidonge vya presha. Akimeza, ninambandikia. Alhamisi ile alidanganya, nikaikwangua."

Nilichungulia. Tata alikuwa amenyoosha mgongo na kuutazama ukuta. Nilijiandaa kusikia kicheko, na moyo ukaniuma, kwa sababu ni mimi niliyeleta nyota zile nyumbani, kwa mzaha, na sikuwa nimefikiria kwamba siku moja mtu mzima ataaibishwa nazo mbele ya wageni.

Hakuna aliyecheka. Jirani aliketi polepole.

"Ni vya rangi gani?" akauliza.

"Vyeupe," Tata alisema bila kugeuka. "Vidogo."

"Vina mstari katikati?"

"Vina mstari."

Jirani alitafuna kahawa yake kwa muda. "Vyangu viko kwenye kopo la mbegu za maharage," akasema. "Nilimeza wiki mbili nikaona nimepona. Mke wangu hajui kama nilipewa."

Sasa Tata akageuka. Nilimwona akimtazama rafiki yake wa miaka yote hiyo kama daftari lililofunguka kwenye ukurasa asioutarajia. "Wiki mbili?" alisema. "Halafu ukaacha? Wewe, mtu na akili zako?" Na akaanza kumsema. Alimsema kwa mpangilio mzuri, hoja ya kwanza kabla ya ya pili, na zote zilikuwa zangu. Alitaja moyo, alitaja figo, alitaja kwamba presha haibishi hodi. Mama alitoka nje, mabega yakitikisika.

Katekista alisubiri mpaka hotuba iishe. "Kwa hiyo, Mwalimu," aliuliza kwa upole, "rozari hukusali?"

"Nilisali," Tata alisema. "Mara moja moja. Nusu."

"Basi ile nusu iliyobaki utaimalizia Oktoba," katekista alisema, akaandika kwenye kijidaftari chake. Kwa miaka yote niliyomjua Tata, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumpa adhabu, na aliitoa kwa tabasamu zuri sana.

Juma lililofuata wazee wale wawili walikwenda zahanati pamoja. Presha ya Tata ilikuwa imeshuka vizuri. Ya jirani ilimfanya muuguzi aipime mara ya pili, kisha akamsema, na Tata, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akitikisa kichwa kuunga mkono kila neno, mpaka muuguzi akamwomba asubiri nje. Waliporudi walikubaliana kwamba jirani atakuja kwetu kila asubuhi saa mbili wameze pamoja. Nyumbani kwake hakutaka kalenda, kwa sababu mkewe, alipoambiwa ukweli, alicheka siku mbili. Kwa hiyo mama alianza kubandika nyota mbili kwenye kisanduku kimoja, ya Tata juu, ya jirani chini. Kisanduku ni kidogo. Ya chini ilikuwa ikikaa upande, na jirani alilalamika, na mama akamwambia atakayelalamika atameza bila nyota.

Ile pakiti ya pili ilikwisha kabla ya Oktoba kwisha. Nilipiga simu kuuliza kama nilete nyingine. Mama alisema, "Usilete. Siku ya kwanza bila nyota walisimama wote wawili wanaangalia kalenda kama ndama waliokatazwa kunyonya. Siku ya pili wakameza, wakanywa chai. Siku ya tatu wakameza wakiwa katikati ya ubishi wa mpira, hata hawakugeuka."

"Na rozari?"

"Njoo uone."

Nilikwenda mwisho wa juma. Zamu ilikuwa ya nyumba yetu. Jioni, jua likiwa bado kwenye migomba, walikuja majirani kama ishirini, wakakaa kwenye mikeka uani. Tata alipiga magoti mbele yao juu ya mto, na rozari ya mama mkononi. Aliongoza kama alivyokuwa akiita mahudhurio: kila neno limetamkwa mpaka mwisho, na mtu asiyeitikia kwa pamoja alitazamwa. Tendo la kwanza likaenda, la pili likaenda. Kwenye la tatu magoti yalianza kumsumbua, nikaona anahamisha uzito kutoka goti hili kwenda lile, na vidole vikapoteza punje.

Alisema Salamu Maria ya kumi, ambayo ni ya mwisho kwa kila tendo. Watu wakaitikia. Akasema ya kumi na moja. Waliitikia, ila kwa sauti pungufu. Alipofungua mdomo kwa ya kumi na mbili, bibi mmoja nyuma akasema wazi, "Mwalimu, umezidisha."

Sikuwahi kumwona Tata akisahihishwa mbele ya watu. Watoto waliinua vichwa. Katekista aliziba mdomo kwa Biblia. Mama, aliyekuwa amepiga magoti karibu naye, aliivuta rozari taratibu, akamwonyesha punje kwa ukucha, akamnong'oneza kitu kwa Kihaya ambacho sikukisikia.

Tata aliitazama ile punje. Alikohoa. Kisha akaanza "Atukuzwe Baba", sala ya kufunga tendo, kwa sauti kubwa na ya uhakika, kama mtu ambaye tangu mwanzo alikusudia ile moja ya ziada.